Asilimia ya nini? Namna ya kusoma takwimu za kesi za ubakaji

Wapo watakaokuambia kwamba England na Wales asilimia 68 ya kesi za ubakaji huishia kwa hatia. Wengine watasema haifiki hata 3. Namba zote mbili zimetokana na takwimu za mwaka uleule, na hakuna aliyedanganya. Natumia mfano wa huko kwa sababu idara yao ya mashtaka, CPS, huchapisha hesabu zake kwa kina. Manusura anayepima kama aende polisi husikia namba hizi, na ndiyo maana tunapaswa kuzisoma kwa uangalifu.

Hatua ya 1: Andika idadi kabla ya asilimia

Chukua karatasi uandike kesi zilizomalizika mahakamani na zilizoishia kwa hatia:

2016/17: kesi 5,190, hatia 2,991 (57.6%)
2018/19: kesi 3,034, hatia 1,925 (63.4%)
2019/20: kesi 2,102, hatia 1,439 (68.5%)

Asilimia inapanda kila mstari. Sasa ifunike kwa kidole usome idadi peke yake. Waliotiwa hatiani wamepungua zaidi ya nusu ndani ya miaka mitatu! Asilimia ilipanda kwa sababu kesi zilizofika kortini zilipungua kwa kasi kubwa kuliko hukumu za hatia. Waendesha mashtaka wakipeleka kesi zenye ushahidi mzito tu, kiwango cha hatia kitapanda, na wanawake wengi watabaki nje ya mlango wa mahakama. Mtu akikutangazia kiwango hicho kama ushindi, muulize kwanza ni kesi ngapi zilizofunguliwa. Juni 2021 serikali ya Uingereza yenyewe iliomba radhi kwa manusura kutokana na hali hiyo.

Hatua ya 2: Panda hadi polisi

Mwaka wa 2019/20 ripoti za ubakaji zilizoandikwa na polisi zilikuwa 55,130. Gawanya hatia 1,439 kwa ripoti hizo upate 2.6%. Hapo ndipo ile "haifiki 3" inapotoka.

Namba hiyo inaonyesha pengo la kutisha, lakini haifuatilii kesi zilezile. Aliyeripoti Februari 2020 hakuwa amepata hukumu kufikia Machi, mwaka huo wa hesabu ulipoisha. Wengi wa waliohukumiwa mwaka huo waliripotiwa miaka ya nyuma. Kipimo bora ni kushika ripoti za mwaka mmoja na kuzifuata mpaka kila moja ifike mwisho wake.

Tena, ripoti zenyewe hutegemea uandishi. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi walikuta kwamba karibu asilimia 26 ya makosa ya kingono yaliyostahili kuandikwa hayakuandikwa. Polisi wakianza kuandika vizuri, ripoti zitaongezeka hata kama ubakaji haujaongezeka.

Hatua ya 3: Kumbuka wasiofika polisi

Utafiti wa kitaifa wa uhalifu ulionyesha kuwa chini ya mwanamke mmoja kati ya sita waliobakwa ndiye aliyekwenda polisi. Hawa wengine hawamo kwenye hesabu yoyote hapo juu.

Hatua ya 4: Hatia ya kosa gani?

CPS huipa kesi alama ya ubakaji tangu mwanzo, na alama hubaki hata mshtakiwa akihukumiwa kwa kosa jingine dogo zaidi. Kwa hiyo si kila mmoja katika wale 1,439 alihukumiwa kwa ubakaji.

Maswali ya wanachama

*Kwa hiyo ripoti zilizobaki ni za uongo?*

Hapana, na tafadhali tusiruhusu maneno haya yasambae. Kesi husimama kwa sababu mshukiwa hakutambuliwa, ushahidi haukutosha, au mlalamikaji alichoka kusubiri akajitoa. Hata mshtakiwa akiachiwa, maana yake ni kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha bila shaka yoyote ya maana. Haina maana kwamba mahakama imemwona mlalamikaji mwongo.

*Sweden huonekana juu sana kwenye orodha za ubakaji. Ni hatari kuliko kwetu?*

Orodha hiyo haiwezi kukuambia. Sweden huhesabu kila tendo peke yake: mke akiripoti kubakwa na mumewe mara nyingi, kila mara huandikwa kama ubakaji mmoja unaojitegemea. Tangu Julai 2018 sheria yao pia inahesabu kujamiiana bila ridhaa kuwa ubakaji hata pasipo nguvu wala vitisho.

*Nafuatilia kesi za unajisi kortini hapa Kenya. Zilizoondolewa kwa kifungu cha 87(a) niziweke wapi?*

Zipe safu yake. Chini ya kifungu hicho cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mshtakiwa anaachiliwa lakini anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale, kwa hiyo si sawa na kuonekana hana hatia. Ukizichanganya na walioshinda kesi, utawapa sifa ya ushindi ambayo mahakama haikuwapa. Ukizitupa nje kabisa, kiwango cha hatia kitapanda bila sababu. Andika pia kilichosababisha: shahidi hakufika, familia zilielewana pembeni, au faili lilipotea. Safu hiyo ndiyo ningeisoma kwanza.