Kumwandaa Mtoto Mdogo kwa Daktari wa Meno: Kazi Inaanzia Nyumbani, Jino la Kwanza Linapochomoza

Watoto wengi wanaoletwa kwangu kwa mara ya kwanza huletwa wakiwa tayari wanaumwa. Usiku hawakulala, shavu limevimba, mzazi ana wasiwasi, na mtoto ambaye hajawahi kufunguliwa mdomo na mtu yeyote anatakiwa kukaa kwenye kiti kigeni, chini ya taa kali, na kumruhusu mtu asiyemfahamu aguse mahali panapouma. Mtoto huyo akilia na kukaza taya hana kosa lolote. Nimeandika mwongozo huu ili siku hiyo isifike, na jambo ninalotaka mzazi alishike kabla ya mengine yote ni kwamba maandalizi ya kwenda kwa daktari wa meno hayaanzi jioni ya kuamkia miadi. Yanaanza pale jino la kwanza linapotoboa ufizi, kwa mikono ya mzazi mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Uzoeze mdomo kuguswa

Jino la kwanza kwa kawaida huota mtoto akiwa na miezi 6 hivi, na mara nyingi huwa ni mojawapo ya yale mawili ya mbele ya chini, ingawa wapo watoto wanaoota mapema zaidi na wapo wanaokaribia kutimiza mwaka bila jino hata moja, na hilo peke yake si ugonjwa. Kabla jino halijaonekana, funga kitambaa safi chenye unyevu kwenye kidole chako na upanguse fizi taratibu mara moja kwa siku. Fizi zisizo na meno haziozi, kwa hiyo faida kubwa ya zoezi hili si usafi. Ni kwamba mtoto anajifunza mapema kuwa kidole cha mtu anayempenda kuingia mdomoni ni jambo la kila siku, kama kuogeshwa na kuvalishwa.

Katika kipindi hiki mtoto hutokwa na udenda, hutaka kuuma kila kitu, na wakati mwingine hukosa raha. Kitu safi cha kung'ata kilichopoozwa kwenye friji bila kugandishwa humpa nafuu. Jeli za kupaka zenye dawa ya ganzi ya benzokaini hazifai kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa sababu zinaweza kupunguza uwezo wa damu kubeba oksijeni. Homa kali na kuharisha visisingiziwe meno. Mtoto mwenye dalili hizo anahitaji kupimwa, na kila siku inayopotea kwa kusema "ni meno tu" inaupa ugonjwa nafasi ya kukomaa.

Hatua ya pili: Msugue meno wewe mwenyewe, mara 2 kwa siku

Anza siku jino la kwanza linapoonekana, kwa mswaki mdogo laini na dawa ya meno yenye madini ya floraidi ya angalau sehemu 1,000 kwa milioni, kipimo ambacho huandikwa kwenye mgongo wa bomba la dawa. Mtoto aliye chini ya miaka 3 anatosheka na kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Ule mstari mrefu wa dawa unaofunika mswaki mzima haumfai mtoto, kwa sababu sehemu kubwa ataimeza. Mfundishe kutema povu, lakini asisukutue kwa maji baada ya hapo, ili floraidi kidogo ibaki juu ya meno iendelee kufanya kazi.

Namna ya kumshika ndiyo inayowashinda wazazi wengi, na hapa naomba usome polepole. Usisimame mbele ya mtoto. Keti, mlaze chali kichwa chake kikiwa mapajani pako, umtazame ukiwa juu yake, kwa maana katika mkao huo unaona meno ya juu na ya chini bila kubahatisha, na kichwa chake kimetulia. Kwa kidole cha shahada cha mkono wa pili, inua mdomo wa juu. Utaona katikati yake uzi mwembamba wa nyama unaounganisha mdomo na ufizi. Laza kidole chako juu ya uzi huo na ukiache hapo wakati unasugua meno ya mbele. Mara nyingi nimeletewa mtoto anayesemekana anachukia mswaki, na nilipomwomba mzazi anionyeshe anavyofanya nyumbani, nimeona mswaki ukiugonga uzi ule kila unapopita. Inauma, na mtoto hana maneno ya kueleza inapouma, kwa hiyo anafunga mdomo. Kidole kikishawekwa pale, ugomvi mara nyingi huisha ndani ya siku chache.

Sugua kwa miduara midogo pale jino linapokutana na ufizi, kwani uchafu hukaa hapo na si kwenye ncha ya jino. Magego yakishaota, sugua pia sehemu za kutafunia, na meno mawili yanapogusana, pitisha uzi wa kusafishia katikati, kwa sababu mswaki haufiki. Mtoto akitaka kushika mswaki mwenyewe, mwachie aanze, kisha umalizie wewe, na uendelee kumalizia hadi afikishe miaka 7 au 8. Mikono yake kabla ya umri huo haijawa na ustadi wa kutosha, hata kama maneno yake ni ya mtu mzima.

Hatua ya tatu: Linda usiku

Bakteria wanaoishi juu ya meno hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya enameli, lile gamba gumu la nje la jino. Mate huizimua asidi na kuyarudisha madini, lakini yanahitaji muda. Ndiyo maana mtoto anayenyonya chupa ya juisi kidogo kidogo mchana kutwa anaumia kuliko yule anayekunywa kiasi kilekile mara moja pamoja na chakula. Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mate hupungua sana mtu anapolala.

Kwa hiyo mswaki wa usiku uwe jambo la mwisho kabla ya kulala, na baada yake kinywaji kiwe maji matupu. Mtoto asilazwe na chupa ya maziwa au ya juisi mdomoni. Kama ameshazoea, usimnyang'anye kwa siku moja. Punguza kiasi usiku baada ya usiku, au ongeza maji hadi yabaki maji peke yake. Kumbuka pia dawa za maji za watoto, ambazo nyingi hutiwa sukari: ikibidi kumpa usiku, mpe kabla ya mswaki.

Hatua ya nne: Inua mdomo wa juu uangalie, mara moja kwa mwezi

Hatua hii huchukua chini ya dakika moja, na laiti kila mzazi angeifanya, ningeng'oa meno machache mno. Kaa penye mwanga, inua mdomo wa juu, kausha meno ya mbele kwa kitambaa, na utazame ukingo wa ufizi. Kuoza kwa meno ya watoto wachanga huanza hapo, kama mstari mweupe usiong'aa, mfano wa chaki, unaofuata ufizi. Mstari huo hauumi, na katika hatua hiyo floraidi na usafi vinaweza kuusimamisha, hata kuurudisha nyuma. Ukiuacha, unageuka kuwa wa manjano au wa kahawia, kisha jino linabonyea. Meno ya mbele ya chini mara nyingi husalimika kwa kuwa ulimi huyafunika na mate huyaosha, kwa hiyo mzazi anayetazama meno ya chini tu hudanganyika akadhani mambo ni shwari.

Nasikia mara kwa mara kwamba hakuna haja ya kuhangaikia meno ya utotoni kwa sababu yatang'oka tu. Ni kweli yatang'oka, lakini si leo. Meno hayo yako 20, yote huwa yameota mtoto anapofikia miaka 3 au kabla kidogo, na magego yake hukaa mdomoni hadi miaka 10, 11 au 12. Katika miaka hiyo yote mtoto anayahitaji kutafuna, kutamka na kulala bila maumivu. Pia yanashikilia nafasi za meno ya kudumu, ambayo yanajengeka chini yao na yanaweza kuharibiwa na usaha wa jino lililooza.

Hatua ya tano: Weka miadi kabla ya maumivu

Mpeleke mtoto ndani ya miezi 6 tangu jino la kwanza kuota, na asivuke siku yake ya kutimiza mwaka mmoja. Kama umri huo umeshapita, mpeleke sasa, wakati bado hana kinachouma. Chagua saa ambayo huwa ameamka vizuri, ameshiba na hana usingizi. Kwa wengi ni asubuhi. Unapopanga miadi, taja mapema ugonjwa wa moyo, pumu, matatizo ya damu, mzio, ucheleweshaji wa ukuaji au ugumu wa kuvumilia kelele na mwanga, kwa sababu mambo hayo hubadilisha namna tunavyojiandaa. Njoo na kadi yake ya kliniki na majina ya dawa anazotumia.

Hatua ya sita: Pima maneno yako

Siku moja au mbili kabla zinatosha kumwambia. Sema kwa ufupi na kwa ukweli: "Kesho tutaenda kwa daktari wa meno. Atayahesabu meno yako na kuyaangalia kwa kioo kidogo." Usimwambie "haitauma" wala "usiogope," maana mtoto ambaye hakuwa amefikiria maumivu ataanza kuyafikiria papo hapo. Usitaje sindano. Usimtishe kamwe kwa daktari wa meno anapokosea, na usiseme mbele yake habari za jino lako lililokutesa. Mtoto anayecheza sakafuni anasikia kila neno.

Kisha chezeni. Mlaze mwanasesere, mhesabu meno yake, halafu mtoto akuhesabu wewe, halafu umhesabu yeye kwa mpini wa mswaki, ukigusa jino moja moja. Wimbo wowote wa kuhesabu unafaa. Mtoto aliyehesabiwa meno mara 10 nyumbani anakuja kwangu akiujua mchezo.

Hatua ya saba: Siku yenyewe

Mtoto wa chini ya miaka 3 simlazi kwenye kiti. Mzazi na mimi tunaketi tukitazamana, magoti yetu yakigusana. Mzazi anampakata mtoto uso kwa uso, kisha tunamlaza taratibu hadi kichwa chake kinatua mapajani kwangu, huku miguu yake ikiwa pembeni mwa kiuno cha mzazi na mikono yake ikiwa mikononi mwa mzazi. Anautazama uso anaoufahamu wakati wote. Ukaguzi huchukua dakika moja au mbili. Anaweza kulia, na kulia kwa umri huo ni kawaida. Hakumuumizi, na mdomo unakuwa wazi.

Kwa mkubwa kidogo tunatumia utaratibu wa kueleza, kuonyesha, kisha kufanya. Kioo kwanza kinaelezwa, kisha kinaguswa kwenye ukucha wake, kisha ndipo kinaingia mdomoni. Mwanzoni mwa kazi yangu niliwahi kuruka hatua ya katikati kwa mtoto wa miaka 4 kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Alifunga mdomo, na ilichukua ziara 3 kuipata tena imani yake. Sijairuka tena.

Ombi langu kwa mzazi aliye chumbani ni moja: sauti iwe moja. Daktari anapoongea na mtoto, mzazi amshike mkono na anyamaze, kwa sababu mtoto anayeambiwa "fungua" na watu watatu kwa pamoja hamsikii hata mmoja. Ikiwa siku hiyo amekubali tu kukaa na kuonyesha meno ya mbele, na hakuna dharura, hiyo ni ziara kamili.

Hatua ya nane: Kabla ya kuondoka

Uliza mambo matatu: kama kuna mistari myeupe, ni wapi hasa mswaki haufiki, na urudi lini. Wengi hurudi baada ya miezi 6, na wenye hatari kubwa ya kuoza meno baada ya miezi 3. Kama pameonekana shimo, uliza njia zote, kwani si kila shimo linahitaji kuchongwa. Ipo dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi inayosimamisha uozo bila ganzi, ingawa huacha sehemu iliyooza ikiwa nyeusi daima, na ni haki yako kuambiwa hilo kabla haijapakwa.

Uliza pia la kufanya akianguka. Jino la utotoni lililong'oka lote halirudishwi kwenye tundu, kwa sababu linaweza kuliumiza jino la kudumu lililo chini. Bana damu kwa kitambaa safi na umlete. Uvimbe wa uso ukiambatana na homa ni wa kuletwa siku hiyohiyo, usiku au mchana.

Mara nyingi mtoto hupakwa vanishi ya floraidi, yaani floraidi ya kupaka inayonata juu ya meno, kabla hajashuka mapajani. Apewe chakula laini kisicho cha moto, na mswaki usubiri hadi kesho yake asubuhi. Jioni hiyo huenda meno yake yakaonekana ya manjano kidogo na yenye kunata. Ni vanishi yenyewe, na itatoka kwa mswaki wa asubuhi.