Kabla hujaanza vidonge vya majira, liulizie na ini lako

Mdogo wangu mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, alinijia na pakiti ya vidonge vya majira kaifunga kwenye pindo la khanga, hajameza hata kimoja. Saluni wamemwambia vinaotesha uvimbe kwenye ini. Nilitamani kumjibu kwamba ni uzushi, ila si uzushi mtupu.

Mwaka 1973 madaktari wa Marekani waliandika katika jarida la Lancet habari za wanawake saba waliokuwa wakitumia vidonge hivyo, wakakutwa na uvimbe wa ini. Uvimbe wenyewe, adenoma, si saratani. Ubaya wake ni kwamba unaweza kupasuka na kuvujia damu tumboni. Makadirio yaliyofuata yalikuwa wanawake 3 hadi 4 kwa mwaka katika kila 100,000 waliotumia vidonge kwa miaka mingi. Na vidonge vya zamani vilikuwa vikali, mikrogramu 50 za homoni ya estrojeni au zaidi.

Kwa hiyo tulianza na pakiti. Geuza nyuma usome maandishi madogo: ya kwake ilisema ethinylestradiol, ndiyo estrojeni yenyewe, 0.03 mg, yaani mikrogramu 30. Vile saba vya kahawia vya mwishoni ni madini ya chuma tu.

Kituoni watakupima presha na kukuuliza kama unanyonyesha. Kuhusu ini huenda wasikuulize, basi sema mwenyewe. Umewahi kuwa na macho ya manjano? Umepima homa ya ini B? Kuwa na virusi tu, ini likiwa zima, hakukuzuii. Ila homa ya ini ikiwa imekushika sasa hivi, au ini lina makovu makubwa, au lina uvimbe, omba njia nyingine. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Taja na dawa za TB kama unazimeza, maana rifampisini hukipunguzia kidonge nguvu, ukashangaa mimba imeingia.

Dalili zijue mapema. Maumivu chini ya mbavu za kulia yasiyoisha, au kitu kigumu unachokipapasa hapo, yanataka ultrasaundi. Hapa kwetu kila tumbo ni vidonda vya tumbo. Mtu anatafuna magnesiamu wiki tatu. Maumivu yakija ghafla na makali, ukaona kizunguzungu na jasho la baridi, hayo si ya kusubiri kukuche, na ukifika hospitali jambo la kwanza kuwaambia ni kwamba unatumia vidonge. Mtu wa Chemba ndani ndani au Bahi apange kabisa: nauli ya usiku ipo wapi, bodaboda gani anapokea simu saa nane. Uvimbe ukionekana, vidonge husimamishwa, na mara nyingi husinyaa wenyewe. Unaozidi sentimita 5 ndio madaktari huufikiria upasuaji.

Mimi lakini, kama ni kuliogopea ini, ningeanza na jikoni. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu, yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Na bado zile karanga zilizosinyaa, zenye ukungu, tunazitenga vizuri kabisa, halafu ndizo tunazotwanga za kuungia mboga! Kuchemsha hakuitoi sumu hiyo. Mwenye homa ya ini B akiila miaka nenda rudi, hatari yake ya saratani ya ini, saratani hasa, inapanda sana. Saluni hawalizungumzi hilo.

Ukishaanza, usiache pakiti katikati kwa sababu ya maneno ya watu bila kuwa na njia nyingine mkononi.

Mdogo wangu alipima homa ya ini B, majibu yakatoka salama, akaanza siku ya kwanza ya hedhi. Pakiti haipo tena kwenye pindo la khanga. Iko juu ya kabati, na nyuma yake kaandika kwa kalamu namba ya bodaboda.