Kabla hujakata sampuli ya kompositi ya seramiki

Wengi wanakata kipande kidogo cha kompositi ya seramiki, yaani seramiki yenye nyuzi ndani yake, kwa sababu material yenyewe ghali, wanakipinda kwenye mashine, wanapata namba nzuri ya nguvu alafu wanaibeba hivohivo mpaka kwenye kipuri kikubwa. Hapo ndo balaa linapoanzia.

Seramiki inakatikia penye kasoro mbaya kuliko zote, na kipande kikiwa kikubwa kinakuwa na nafasi zaidi ya kuwa na kasoro mbaya, hesabu yake aliiweka Waloddi Weibull wa Sweden mwaka 1939. Kwa seramiki tupu isiyo na nyuzi yenye m ya 10 (m ni namba ya Weibull inayoonyesha nguvu za vipande zimetawanyika kiasi gani, ikiwa kubwa zinakaribiana), ukiongeza ujazo mara 10 nguvu inashuka asilimia 20 hivi. Tena sio ukubwa tu, hata namna ya kupinda: ukipinda kwa pointi 3 (rola mbili chini, moja juu katikati) mkazo mkubwa unabaki pale chini ya rola ya kati, kwa pointi 4 unaenea sehemu yote kati ya rola mbili za juu, kwahiyo kifimbo kilekile cha 3 kwa 4 kwa 45 mm kikipimwa kwa pointi 3 kitaonekana kina nguvu zaidi na hakijabadilika chochote.

Sasa kwenye kompositi usikimbilie hiyo fomula. Nyuzi zinashikilia ufa, matriksi (ile seramiki inayozizunguka) ikipasuka mzigo bado unapanda, hivyo anza na ufumaji: chukua rula, pima pale mfumo unapojirudia, alafu upana wa sampuli ubebe marudio kadhaa. Ikibeba moja tu basi nyuzi ulizozikata pembeni ndo zinakuwa sehemu kubwa ya unachopima, na data zitaruka ruka mpaka uilaumu mashine bure.

Unene nao, mimi naona ndo unaodharauliwa sana. Kama matriksi ilijazwa kwa gesi, tabaka za nje huziba mapema na katikati panabaki matundu, kwahiyo bamba nene ukilisaga liwe jembamba usiseme ni material ileile. Na spani, ule umbali kati ya rola za chini, iwe ndefu, mara 16 ya unene au hata 32, ukiona tabaka zimeachana kama kurasa ujue imefeli kwa tabaka kuteleza moja juu ya nyingine, sio kwa kupinda, namba hiyo usiiweke kwenye jedwali la kupinda.

Ukitaka m ya kuaminika andaa vipande kama 30, vitano havitoshi kabisa. Kata saizi ndogo na kubwa kwenye bamba moja, uzichanganye, ndogo zisitoke pembeni zote na kubwa zote katikati.