Somo: Kuangua na Kulea Kilifishi wa Unguja kwa Kufuata Majira ya Dimbwi Lake

Kilifishi wa Unguja, Nothobranchius guentheri kwa jina la kisayansi, ni samaki wa maji baridi mwenye urefu wa sentimita 5 hivi, na kwa asili hapatikani kokote ila katika kisiwa hicho. Dume ana magamba ya buluu yenye kingo nyekundu na mkia mwekundu. Jike ni wa kijivu. Makao yao ni madimbwi na mabonde yenye tope zito, ambayo hujaa wakati wa masika au vuli na kukauka kiangazi kinapokaza. Samaki wote hufa dimbwi likikauka, lakini mayai hubaki hai ndani ya tope. Kwa hiyo mfugaji anayeyaacha mayai majini mwaka mzima, akidhani anayatunza, huwa anayanyima kiangazi wanachokihitaji viinitete ili wakue ipasavyo.

Hatua ya kwanza ni kuandaa vumbi la makumbi, litakalokuwa badala ya tope. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba yana chumvi nyingi, hivyo yachemshwe na kusuuzwa mpaka maji yatoke maangavu.

Hatua ya pili, jaza vumbi hilo katika bakuli kwa kina cha sentimita 3, ulizamishe ndani ya tangi, kisha weka dume mmoja na majike wawili au watatu, kwani jike aliye peke yake huandamwa hata akakosa nafasi ya kula. Wakati wa kutaga, dume hujibana ubavuni mwa jike, humfunika kwa pezi la mgongoni, wote wawili hutetemeka, na yai moja tu husukumwa ndani ya vumbi.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa inadai subira. Baada ya wiki moja au mbili, toa vumbi, likamue kwa kitambaa na ulianike kivulini mpaka libaki na unyevu kama wa tumbaku ya kiko. Litie katika kopo lenye kifuniko, andika tarehe, na ulihifadhi penye joto la nyuzi 25 hivi kwa muda wa miezi 3 au zaidi. Yai lina upana wa milimita moja tu. Ukilitazama kwa lenzi na kuona macho ya kiinitete yenye duara la dhahabu, wakati umewadia. Yai lililogeuka jeupe limekufa, nalo liondolewe kabla ya ukungu kuenea.

Hatua ya nne, mwagia vumbi maji yaliyopoa mtungini, kina cha sentimita 5. Watoto huanza kutoka baada ya saa chache, na wapewe atemia wachanga (vijidudu vya maji ya chumvi vya kulishia samaki wadogo) siku hiyo hiyo.

Maswali ya wanachama

Shikamoo, Mwalimu. Bibi yangu husema samaki hawa hushuka na mvua. Je, ana msingi wowote?

Marahaba. Bibi ameona sawasawa kwamba mvua ikinyesha samaki huonekana mahali palipokuwa pakavu. Tofauti ni kwamba walikuwamo ardhini tayari, wakiwa mayai.

Mwalimu, nusu ya mayai yangu hayakuangua. Niyatupe?

Usiyatupe. Baadhi ya viinitete husimamisha ukuaji kwa muda mrefu kuliko wenzao, na huko porini jambo hilo huokoa kizazi pale manyunyu ya mchoo yanapojaza dimbwi kwa siku chache tu na kulihadaa kundi la kwanza. Kausha vumbi upya, subiri wiki kadhaa, kisha utie maji tena.

Watoto wangu wanaburura matumbo chini bila kuogelea. Nini sababu?

Kibofu chao cha hewa hakikujaa, na mara nyingi chanzo ni kutia maji mapema mno. Wachache hupona; safari ijayo subiri yale macho ya dhahabu.

Je, naweza kuwamwaga katika dimbwi la Bagamoyo ili wapate kula viluwiluwi vya mbu?

Watakula viluwiluwi kweli, lakini usifanye hivyo. Pwani ya bara ina kilifishi wake, na mgeni anaweza kuwaletea maradhi au kuzaana nao.