Namna ya Kuandaa Chemsha Bongo ya Sikukuu Itakayowafurahisha Hata Waliokosa Majibu

Chemsha bongo ya sikukuu huandaliwa kwa ajili ya watu ambao hawakuja kufanya mtihani. Wamekutanishwa na undugu au urafiki, wana umri tofauti, na wengi wao kesho yake hawatakumbuka ni nani aliyepata alama nyingi. Kwa sababu hiyo, ninapochagua maswali ninatumia kipimo kimoja tu: jibu likishatajwa, je, yule aliyelikosa atakuwa amepata jambo la kumsimulia mwenzake? Swali lisilofikia kipimo hicho huliacha, hata kama nimelipenda sana.

Njia ya uhakika ya kufika hapo ni kuanza na majibu, kisha kuyatafutia maswali. Wiki kadhaa kabla ya sikukuu, weka daftari karibu nawe na uandike kila jambo la kweli lililokushangaza kuhusu nyimbo, filamu, tarehe na desturi za msimu huo. Chukua mfano wa wanaanga Wally Schirra na Tom Stafford, ambao tarehe 16 Desemba 1965, wakiwa ndani ya chombo cha Gemini 6, waliwaarifu wenzao waliokuwa duniani kwamba wanaona kitu cha ajabu kikipita angani, kisha ghafla wakapiga wimbo wa "Jingle Bells" kwa harmonika na kengele ndogo walizokuwa wamezibeba kwa siri. Hizo zilikuwa ala za kwanza za muziki kupigwa katika anga za juu. Ukishakuwa na kisa kama hicho, swali hujiunda lenyewe: ni wimbo gani wa sikukuu uliopigwa angani mwaka 1965? Asiyejua anaweza kubahatisha, anayejua anapata alama yake, na wote wawili wanabaki na kisa. Tena wimbo huohuo una swali la pili ndani yake, kwa kuwa maneno ya James Lord Pierpont, yaliyochapishwa mwaka 1857 kwa jina tofauti na hili tulilolizoea, hayataji Krismasi hata mara moja. Yanahusu tu raha ya kusafiri juu ya theluji kwa gari linalovutwa na farasi.

Linganisha na swali linalouliza Irving Berlin alizaliwa mwaka gani. Jibu ni 1888, nalo ni sahihi kabisa, lakini halimpi mtu chochote. Uliza badala yake ni mtunzi yupi aliyefungua bahasha ya tuzo ya Oscar mbele ya hadhara akakuta jina lililoandikwa ndani ni lake mwenyewe. Ni Berlin huyohuyo, aliyepewa kazi ya kutangaza mshindi wa wimbo bora katika hafla ya mwaka 1943, na wimbo ulioshinda ukawa wake, "White Christmas". Hapo unaweza kuongeza kwamba mtunzi huyo alizaliwa katika familia ya Kiyahudi ndani ya Milki ya Urusi, na kwamba wimbo wake, kwa sauti ya Bing Crosby, unakadiriwa kuuza nakala milioni 50. Mtu mmoja, na maswali mawili yanayotofautiana kama usiku na mchana.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko nyingine zote, nayo ni kuthibitisha. Mambo ya sikukuu yamejaa visa vitamu visivyo vya kweli, na utamu wake ndio unaovifanya vienee. Watu wengi wanaamini kwamba kampuni ya Coca-Cola ndiyo iliyombuni Santa Claus mnene mwenye mavazi mekundu. Kweli, kuanzia mwaka 1931 mchoraji Haddon Sundblom aliichorea kampuni hiyo picha za matangazo zilizoisambaza sura hiyo kwa nguvu kubwa. Lakini Thomas Nast alikuwa akimchora Santa katika jarida la Harper's Weekly tangu mwaka 1863, na mavazi mekundu yalikwishaonekana kabla ya matangazo hayo. Vivyo hivyo, inasimuliwa kwamba wimbo ambao Waswahili wanaujua kama "Usiku Mtakatifu" ulipigwa kwa gitaa kwa mara ya kwanza kwa sababu panya walikuwa wametafuna kinanda cha kanisa. Gitaa ni la kweli, na mahali ni pa kweli: ni Oberndorf, karibu na Salzburg nchini Austria, mkesha wa Krismasi wa mwaka 1818, kwa maneno ya Joseph Mohr na muziki wa Franz Xaver Gruber. Panya ni ngano iliyozuka baadaye. Mimi huona kwamba ukweli wenyewe, wa padri kijana na mwalimu wa shule kusimama kanisani na gitaa, unatosha bila panya.

Kila jibu, basi, liandikwe kwenye kadi yake pamoja na mahali ulipolithibitisha, na jambo ulilolisikia kwa watu tu lisiingie kwenye mchezo.

Baada ya hapo, pima maneno ya swali. Swali zuri lina jibu moja tu, na sikukuu zina hila nyingi katika hili. Ukiuliza Krismasi huadhimishwa tarehe gani, mwenye kujibu 7 Januari ana haki kama mwenye kujibu 25 Desemba, kwa kuwa makanisa kadhaa ya Kiorthodoksi hufuata kalenda ya Julius, ambayo kwa sasa iko nyuma kwa siku 13. Ukiuliza mamajusi walikuwa wangapi, wengi watasema watatu, ilhali Injili ya Mathayo inataja zawadi tatu bila kutaja idadi ya waliozileta. Uliza moja kwa moja, "Injili ya Mathayo inasema mamajusi walikuwa wangapi?", kisha uwe tayari kuliona jibu la "haisemi" likipokelewa kwa kelele. Swali la mtego kama hilo linachangamsha likiwa moja. Yakizidi, wachezaji huanza kumshuku msomaji badala ya kufikiri.

Uangalifu huohuo unahitajika kwa sikukuu zinazohama. Mwaka unaofuata mwezi mwandamo una siku 354 au 355, hivyo Idi hutangulia kwa takribani siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na ndiyo maana mwaka 2000 ulikuwa na Idi ul-Fitri mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Hilo ni swali zuri mno, kwa sababu hata asiyejua mwaka anaweza kufikiri mpaka akaelewa jinsi linavyowezekana. Usiulize, hata hivyo, tarehe kamili ya Idi ijayo, kwani kuandama kwa mwezi kunaweza kutofautisha nchi na nchi kwa siku moja. Pasaka nayo, kwa makanisa ya Magharibi, haiwezi kuja kabla ya 22 Machi wala baada ya 25 Aprili. Kwa Mwaka Mpya, waulize wachezaji ni nchi gani haikuwa na tarehe 30 Desemba mwaka 2011. Ni Samoa, iliyohamia upande wa pili wa mstari wa tarehe na kulala Alhamisi ikaamka Jumamosi.

Utamaduni wa kisasa, yaani muziki wa redio na filamu, ndiko vizazi vinakotengana, na ndiko mwandaaji anakopaswa kuwaunganisha. Chagua kazi ambazo wazee walizikuta zikiwa mpya na vijana wanazisikia hadi leo. "Last Christmas" ya kundi la Wham! ilitoka mwaka 1984, ikazuiwa kufika kileleni Uingereza na wimbo wa hisani wa Band Aid, kisha ikakifikia kilele hicho Januari 2021. Mariah Carey alitoa "All I Want for Christmas Is You" mwaka 1994, na wimbo huo ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya Hot 100 ya Marekani mwezi Desemba 2019. Maswali ya aina hii humlazimu mjomba na mpwa wake kushauriana, kwa maana mmoja anakumbuka mwanzo na mwingine anakumbuka mwisho.

Katika filamu, epuka kuuliza maoni. Mjadala wa kama "Die Hard" ni filamu ya Krismasi hauna mwisho. Mimi nina msimamo wangu, kwamba filamu ambayo kisa chake kinatokea mkesha wa Krismasi ni ya Krismasi, lakini msimamo hauwezi kupewa alama. Kinachoweza kupewa alama ni mwezi ilipotolewa, ambao ni Julai 1988. Ukitaka kuwashangaza zaidi, ongeza kwamba "Miracle on 34th Street", ambayo hakuna anayebisha kwamba ni ya Krismasi, ilitolewa mwezi Mei 1947.

Kuhusu siku yenyewe, sina mengi ya kusema. Maswali 20 hadi 25 yanatosha. Changanya umri katika kila kundi, soma swali mara mbili bila haraka, toa majibu mwishoni mwa kila awamu ili visa visikatize mchezo, na swali la kwanza liwe ambalo hata mtoto atalipata. Mabishano yakizuka, soma kadi kwa sauti, pamoja na mahali ulipothibitisha. Kadi ikionekana kutokuwa wazi, toa alama kwa pande zote mbili na uendelee.

Weka pembeni swali moja la kuamulia sare, linalojibiwa kwa namba, ili anayekaribia zaidi ashinde hata kama hakuna aliyelipata. Lile ninalolipendekeza linahusu ile Pasaka ya mapema kabisa, ya 22 Machi, ambayo mara ya mwisho kwa makanisa ya Magharibi ilikuwa mwaka 1818: kila kundi liandike mwaka ambao itatokea tena. Wengi huandika miaka ya karibuni, ya maisha yao au ya watoto wao. Jibu la kwenye kadi ni 2285.