Mgonjwa hawezi tena kuamua mambo yake: uende mahakama ipi?

Nilipoomba mahakamani usimamizi wa mama mkubwa, yaani mamlaka ya kumwamulia mambo yake alipougua, ndugu walitaka shauri lifunguliwe karibu nao. Nikakataa. Kwa kawaida hufunguliwa anakoishi mgonjwa, si anakoishi mwombaji. Kama mambo yake yamevuka mipaka, Mkataba wa Hague wa mwaka 2000 kuhusu ulinzi wa watu wazima una msimamo huohuo kwa nchi zilizouridhia: kigezo kikuu ni makazi ya kawaida. Nchi yenye mali yake inaweza kuamua kuhusu mali hiyo tu, mradi isipingane na uamuzi wa kule anakoishi.

Ripoti ya daktari isiishie kwenye jina la ugonjwa. Yetu ilisema: anawatambua wanawe, hatofautishi noti kubwa na ndogo, anasaini chochote anachowekewa mbele. Hapo hakimu alipata pa kushika. Naye mgonjwa apewe taarifa na asikilizwe. Usimfiche, hata kama anakupinga.

Omba mamlaka unayohitaji tu, mathalani benki na matibabu. Ukishapewa amri, fungua daftari siku hiyohiyo na ubandike kila risiti, maana utadaiwa hesabu. Akipata nafuu, amri inaweza kuombewa ifutwe.