Umeitwa mahakamani ueleze kwa nini usifungwe kwa deni? Anzia hapa (Kenya)

Hakuna karatasi inayomtisha mdaiwa kama ile inayomtaka afike mahakamani aeleze kwa nini asipelekwe jela kwa kushindwa kulipa. Wengi wakiipata huzima simu na kuhama mtaa. Tafadhali usifanye hivyo. Kutoroka ni miongoni mwa sababu chache zinazoruhusu ufungwe, na utakuwa umempa mdai ushahidi wa bure.

Hatua ya 1: Soma faili. Chukua namba ya kesi uende masijala ya mahakama hiyo. Kama hukuwahi kusikia kesi hiyo, itafute hati ya kiapo ya aliyedai kukupelekea samansi. Humo ameandika tarehe, mahali na namna alivyokupata. Akisema alikukabidhi Kayole, Nairobi, saa nne asubuhi, nawe siku hiyo ulikuwa zamu kazini Mombasa, ratiba ya zamu ni silaha yako: omba mara moja hukumu iliyotolewa bila wewe kuwepo itenguliwe.

Hatua ya 2: Kagua hesabu. Tangu 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaiwekea riba kikomo. Ikiwa ulikuwa ukidaiwa 120,000 mkopo ulipohesabiwa kuwa haulipiki, riba ya benki haiwezi kuzidi 120,000 nyingine, mbali na gharama za kufuatilia deni. Kipimo ni salio la wakati ule, si kiasi ulichokopa mwanzoni. Itoe hoja hii mapema, kwa maana baada ya hukumu inakuwa ngumu zaidi.

Hatua ya 3: Thibitisha kwamba huna. Hapa ndipo kesi nyingi huamuliwa. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye sasa ni Jaji Mkuu, alikataa mdaiwa afungwe kwa sababu tu ameshindwa kulipa, akitegemea mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa. Mwaka 2012 Jaji David Majanja alisema kifungo hicho hakijafutwa, ila lazima mdaiwa apewe ilani na nafasi ya kujieleza. Kwa hiyo mdai aonyeshe kwamba una uwezo na unakataa, umeficha mali, au unataka kutoroka. Wewe weka kwenye hati ya kiapo payslip, taarifa ya M-Pesa, risiti za kodi ya nyumba, karo na hospitali. “Sina pesa” ya mdomo haimsaidii hakimu.

Usikubali pia kudanganywa kwamba ukifungwa deni limekwisha. Ukitoka bado unadaiwa.

Hatua ya 4: Omba kulipa kidogo kidogo. Kanuni ya 12 ya Amri ya 21, katika kanuni za kuendesha kesi za madai, inairuhusu mahakama kukubali hata mdai akipinga, mradi una sababu ya kutosha. Taja kiasi utakachokimudu kila mwezi, na ulipe cha kwanza kabla ya siku ya kesi. Madalali wakija, vyombo vya kupikia, matandiko na vifaa unavyovihitaji kwa kazi yako, kama cherehani ya fundi, vinalindwa na sheria.

Hatua ya 5: Kama huna mali kabisa na madeni yako ni kati ya 100,000 na milioni 4, Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina utaratibu wa wasio na mali. Ombi hupelekwa kwa Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayeshughulikia ufilisi. Ukikubaliwa, baada ya miezi 12 unaachiliwa madeni yaliyohusika. Ukiwa umeficha mali au umeiandikisha kwa jina la ndugu, ombi hilo halipiti.